Kibano Kinachoachia

Ghorofa ya chini ya jengo la uhandisi, Ljubljana,
nyuma ya mlango mzito kama wa bucha,
tunatengeneza kipupwe.

Kazi yangu ni hii: kunyunyizia waya maji,
kusubiri yagande, kunyunyiza tena,
hadi waya mwembamba kama kidole cha mtoto
unenepe kama mkono wa mwanamieleka.
Naandika uzito. Navuta.
Kitu kinakatika, naandika saa.

Profesa Mlakar hana pole wala hongera.
Anauliza tu: Kimekatikia wapi?

Nilikuwa na miaka kumi na miwili
barafu ilipotushukia Zagorišče.
Haikuja kama theluji, ambayo hubisha hodi.
Ilikuja mvua, mvua ya kawaida,
ikagusa tawi, tawi likawa kioo,
ikagusa kamba ya kuanikia, soksi zangu zikawa kioo.
Usiku misonobari ilipasuka mmoja mmoja,
milio ya bunduki za watu wasio na haraka.

Saa tisa mnara wa kwanza ulipiga goti.
Haukuanguka peke yake.
Uling'ang'ania waya, waya ukauvuta mnara wa pili,
wa pili ukauvuta wa tatu,
kumi na saba kwa safari moja,
kila mmoja mwaminifu kwa jirani yake,
kila mmoja umefungwa barabara.

Siku kumi na moja.
Baba alikamua ng'ombe thelathini kwa mkono
na lori la maziwa halikuweza kupita.
Aliyamwaga nyuma ya zizi,
meupe juu ya weupe;
sikuona kitu ila mvuke.

Leo Lojze Premrl, fundi wa laini,
amekuja maabara na buti za matope.
Anakigeuza kibano chetu kama anayekagua yai.
«Hiki kinafanya nini?»
Kinashika.
«Na kikizidiwa?»
Kinaachia. Waya unaanguka, mnara unabaki.
Anacheka kwa pua.
«Miaka ishirini na tisa nalipwa kukaza.
Leo binti wa Zagorišče ananifunza kulegeza.»

Wanaosema tuzibe ufa wana haki yao.
Mimi ufa naupima:
milimita mbili, chini ya bolti ya kushoto,
nimeuchonga mwenyewe,
ili ukuta usianguke wote.
Heri nusu shari.

Lakini nusu hiyo ni ya nani?

Hilo tuliiuliza kompyuta. Ilikoroma siku nne,
ikaangusha barafu elfu kumi juu ya ramani,
ikahesabu hospitali, pampu za maji, shule,
kisha ikapaka rangi nyekundu laini moja nyembamba
inayopanda bonde ninalolijua kwa miguu.
Zagorišče iachie kwanza.
Nikakagua data. Nikakagua tena.
Nilitafuta kosa kama mtu anayetafuta funguo
mfukoni alikokwisha kutafuta.

Jumapili nikamwambia Baba, supu ikipoa.
Nikamchorea kwa penseli kwenye bahasha ya bili ya umeme:
hapa patakatika, hapa pataokoka.
Alitazama muda mrefu.
«Kwa hiyo sisi ndio ule ufa.»
Ndiyo, Baba.
«Siku ngapi?»
Mbili. Labda tatu. Minara itakuwa imesimama,
watainua waya tu.
Akatia chumvi supu aliyokwisha kuitia chumvi.
«Na lori? Litapita?»

Nilifungua mdomo.
Nina safu ya upepo, safu ya unene wa barafu,
safu ya vitanda vya wagonjwa.
Ya lori sina.

Jumatatu, kabla Profesa hajaning'inizia koti lake,
nimeongeza safu moja kwenye jedwali.
Bado ni tupu tangu juu hadi chini.
Nimeipa jina: barabara.